Msisubiri Kuitwa Wahandisi

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza na wa pili, kuhusu kujiunga na chama cha wahandisi

Walimu wangu na wahandisi mlionitangulia, shikamooni. Wadogo zangu mliojaa mpaka kwenye ngazi, hamjambo?

Kabla sijaeleza kilichonileta, tazameni kitu hiki nilichokiweka mezani. Walioko nyuma huenda wanaona kama ndoo iliyopinduliwa. Ni koni ya kupimia zege. Urefu wake ni milimita 300, mdomo wa juu una upana wa milimita 100 na wa chini 200. Ina masikio mawili ya kushikia, na pembeni ina vikanyagio viwili ili mpimaji aibane chini kwa miguu. Mwenzake ni huu ufito wa chuma wenye unene wa milimita 16. Unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma kwa ufito mara 25, unasawazisha juu, kisha unaiinua wima, polepole. Zege likishakosa ukuta wa kuliegemeza linashuka, nawe unapima limeshuka milimita ngapi. Ni kazi ya dakika chache, haitaki umeme wala kompyuta.

Mimi niliijua koni hii vizuri sana nikiwa chuoni. Somo lake nilipata A. Na siku nilipoihitaji kwa kweli, ilinishinda. Kupima nilijua. Nisichojua ni nifanye nini nikishapima.

Nilikuwa na miezi minne tangu nimalize chuo. Tulikuwa tunamwaga nguzo za ghorofa ya pili kwenye jengo moja hapo Dar es Salaam. Zege lilikuwa linaletwa na malori kutoka kiwandani, na foleni siku hiyo ilikuwa ile mnayoijua. Lori la kwanza likafika limechelewa, zege limeanza kukaza. Dereva hakusema neno. Alishuka, akachukua mpira wa maji, akauelekeza ndani ya pipa linalozunguka. Mafundi wakafurahi, maana zege jepesi linaingia kwenye fomu za mbao bila kuwachosha mikono. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kofia yangu nyeupe, daftari mkononi. Niliona, nikanyamaza. Foremani alikuwa na umri wa baba yangu. Nilijiambia, huyu alikuwa anamwaga zege mimi sijazaliwa.

Lori la pili likaja, maji yakaingia vilevile. Hapo moyo ukanisuta. Nikachukua koni, nikapima. Maelezo ya kazi yalitaka zege lishuke kati ya milimita 75 na 100. Lile lilishuka 190. Lilitandazika kwenye bati kama uji uliomwagika.

Foremani akaniambia kwa upole kabisa, "Injinia mdogo, acha tumwage, jua linazama." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vibarua kumi na wanane wa kulipa jioni ile.

Nikaenda nyuma ya stoo ya saruji nikapiga simu. Aliyepokea ni mzee mmoja mhandisi, aliyestaafu baada ya kujenga barabara na madaraja kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akaniuliza maswali matatu tu. Lori limetoka kiwandani saa ngapi? Umepima, au umekisia? Na karatasi ya kupokea zege anasaini nani? Mawili ya kwanza niliyajibu haraka. La tatu lilinikata maini, kwa sababu aliyekuwa anasaini ni mimi.

"Basi huna la kuniuliza," akasema. "Rudi, mpe foremani heshima yake, mwambie namba uliyoipata. Lori lirudi. Andika kwenye daftari la saiti saa na namba ya gari. Na nguzo za lile lori la kwanza zitie alama leo hii, usisubiri majibu ya maabara."

Nilirudi nikafanya hivyo, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Lori lilirudi. Siku ya 28 tulivunja vibonge vya majaribio vilivyotengenezwa kwa zege la siku ile, vya milimita 150 kila upande, na vya lori la kwanza vikashindwa. Nguzo tatu zikavunjwa kwa nyundo ya umeme, nami nimesimama palepale. Lilikuwa zege nililoliona likiharibiwa nikanyamaza. Mlio wa nyundo ile bado ninao masikioni.

Mnaosoma somo la vifaa vya ujenzi mnajua sababu. Duff Abrams, aliyekuwa anafanya majaribio yake Chicago, aliichapisha mwaka 1918: kwa saruji ileile, maji yakizidi, nguvu ya zege inapungua. Maji ambayo saruji haikuyahitaji yanaondoka baadaye na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Mimi sheria hiyo niliikariri, na mtihani niliufaulu. Nguzo tatu zikavunjwa hata hivyo.

Sasa ninawauliza: ile namba ya simu niliipata wapi?

Niliipata mwaka wa tatu. Nilikuwa nimejiunga na chama cha wahandisi kama mwanachama mwanafunzi, na jioni moja mzee yule aliletwa kutueleza habari za makalavati, yale madaraja madogo ya kupitishia maji chini ya barabara, yaliyosombwa na mvua. Tulikuwa watu kumi na moja kwenye ukumbi wa watu mia mbili. Hakuja na sifa za kazi zake. Alianza na picha ya kalavati alilolijenga yeye mwenyewe, likaondoka na mto msimu wa pili. Alituonyesha alipokosea: alikuwa amekadiria maji ya mvua kwa takwimu za miaka michache mno, na hakuwauliza wazee wa kijiji mto ule uliwahi kufika wapi. Alipomaliza nilimfuata na swali. Akalijibu, akachukua kalamu, akaandika namba yake nyuma ya ratiba yangu. Akasema, "Ukianza kazi utakutana na maswali ambayo darasani hayapo. Nipigie."

Hilo ndilo lililonileta kwenu leo. Chamani ndiko aliyekosea kabla yako anakokusimulia, wewe hujakosea bado. Cheti, kadi na fulana ni nyongeza tu.

Na msifikiri chama ni kitu cha wazee kinachowafungulia ninyi mlango kwa hisani. Rudini mwanzo wa habari yenyewe. Januari 2, mwaka 1818, London, kundi dogo la vijana lilikutana kwenye mgahawa wa kahawa, mtaa wa Fleet Street. Wengi wao walikuwa katika miaka ya ishirini, umri wenu huu. Aliyewakusanya, Henry Robinson Palmer, alikuwa kijana anayejifunza kazi. Shida yao ilikuwa wazi: mtu aliyetaka kuwa mhandisi alimfuata mkubwa mmoja, akajua anayoyajua mkubwa huyo, na asiyoyajua mkubwa huyo hakuwa na pa kuyapata. Basi wakaamua kukutana wafundishane wenyewe. Chama hicho ndicho kilichokuwa Institution of Civil Engineers.

Miaka miwili ya mwanzo kilisuasua. Mwaka 1820 wakamwendea Thomas Telford, mhandisi aliyekuwa na jina kuliko wote Uingereza, wakamwomba awe rais wao. Telford alizaliwa Scotland, mtoto wa mchunga kondoo, akaanza maisha kama mwashi wa mawe. Alikubali. Akawapa vitabu vyake waanzie maktaba, akawahimiza wanachama walete taarifa za kazi walizozifanya zisomwe na kujadiliwa mbele ya wote. Mwaka 1828 wakapata hati ya kifalme. Angalieni mpangilio huo: vijana walianza, mkubwa akafuata. Hawakungoja waitwe. Ninapoona chuo chenye wanafunzi mia tano wa uhandisi na tawi la chama limekufa kwa sababu "hakuna mtu wa kuliongoza," naumia.

Hapa nataka niondoe mkanganyiko mmoja, maana kila chuo ninachofika naulizwa. Kuna Bodi, na kuna Chama. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mnayoisikia kwa jina la ERB, ni chombo cha sheria. Ilianzishwa mwaka 1968, na sheria inayoiongoza sasa ni ya mwaka 1997. Kazi yake ni kukulinda wewe mwananchi dhidi ya mimi mhandisi: inasajili, inasimamia mwenendo, na inaweza kunifutia usajili nikikosa. Ukimaliza chuo utasajiliwa kama mhandisi mhitimu, utapitia mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, miaka mitatu kwa kawaida, ndipo uombe kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa mafunzo hayo, SEAP, ulianza mwaka 2003. Bodi hukuiomba urafiki, na wala haikuhitaji uipende.

Chama ni hiari. Kwetu ni Taasisi ya Wahandisi Tanzania, IET. Majirani zetu Kenya wanayo ya kwao, na Uganda vilevile. Hakuna atakayekukamata usipojiunga. Na kwa sababu ni hiari, unachokipata humo kinategemea ulichokileta. Bodi inakuuliza, "Umetimiza masharti?" Chamani watu wanakuuliza, "Hili umelifanyaje?" Mwanafunzi anahitaji sana kuulizwa swali hilo la pili, tena mapema, kwa sababu miaka ile mitatu baada ya chuo inakwenda kwa kasi. Nimekaa na vijana wanaojaza kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Yule aliyekuwa chamani anaandika: leo tulikuta maji kwenye shimo la msingi, tukafanya hivi kwa sababu hii, nilidhani vile nikakosea. Asiyewahi kumsikia mhandisi akieleza kazi yake anaandika: leo tulichimba msingi. Msimamizi akisoma sentensi hizo mbili hahitaji kuuliza zaidi.

Nirudi kwenye makosa, maana nimesema ndiyo kiini.

Julai 17, 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupita watu zilizoning'inizwa kwenye ukumbi zilianguka wakati watu wanacheza muziki. Walikufa watu 114. Chanzo chake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakielewa bila hesabu. Chukua kamba ya kisima, uning'inize ndoo mbili, moja juu na nyingine chini. Kama kila ndoo ina fundo lake kwenye kamba ileile moja, kila fundo linabeba ndoo moja. Sasa badilisha: ndoo ya chini ifunge kwenye tako la ndoo ya juu kwa kamba nyingine. Kamba inayotoka darini imebeba mzigo uleule wa mwanzo. Lakini fundo la ndoo ya juu sasa linabeba ndoo mbili.

Ndicho kilichotokea. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na vyuma virefu vya kuning'iniza, kila kimoja kikitoka juu hadi njia ya chini. Watengenezaji wakaona usumbufu wa kukata hesi, ile mikunjo ya kukazia nati, kwenye chuma kirefu namna ile, wakapendekeza vyuma viwili vifupi. Pendekezo likapita, na hakuna aliyekaa chini kukokotoa upya kile kiungio. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mpangilio wa mwanzo haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni; badiliko lile likauzidishia mzigo maradufu. Wahandisi waliohusika wakafutiwa leseni katika jimbo la Missouri.

Nawaambia habari hii kwa sababu ya kilichofuata. Mhandisi aliyekuwa mkuu wa kazi ile, Jack Gillum, baadaye alikuwa akisimama kwenye mikutano ya wahandisi wenzake na kueleza kosa lile, hatua kwa hatua. Fikirini uzito wake. Vifo 114, na mtu anasimama mbele ya watu wa fani yake kusema: hapa ndipo tulipopita bila kutazama. Jambo la namna hiyo halisemwi kwa mwandishi wa habari, wala mahakamani halisemwi hivyo. Linasemwa mbele ya wenzako wanaojua kiungio ni nini.

Na sisi tunayo yetu. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu asubuhi, jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa katikati ya Dar es Salaam, mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka. Walikufa watu 36. Miaka imepita, na Novemba 2024 tukaliona tena Kariakoo, watu wakichimbuliwa kwenye kifusi usiku na mchana. Kila mara likitokea jambo hili tunazungumza wiki mbili, halafu tunanyamaza. Ninyi mnaosoma sasa ndio mtakaosaini karatasi za majengo yatakayofuata. Ningependa msikie habari za haya yaliyoanguka kutoka kwa watu wanaoweza kuwaeleza nguzo ilikuwaje na mzigo ulipita wapi, msiishie kwenye picha za simu. Jioni kama hiyo mnaweza kuiandaa ninyi wenyewe kupitia tawi lenu, mkamwita mhandisi wa majengo, na mkamwomba awe mkweli.

Kuna jambo jingine tulilolifanya sisi kwenye tawi letu, nalo silioni likitajwa popote, ndiyo maana nitalikalia kidogo. Tunasoma uhandisi kwa Kiingereza. Saiti inaongea Kiswahili. Katikati ya lugha hizo mbili kuna shimo, na watu wanatumbukia. Mhandisi kijana anafika na mchoro, anajua kila kitu kwa jina la kitabuni, halafu fundi anamwuliza, "Biskuti tunaweka za ngapi?" naye anabaki ameduwaa. Hajui kwamba biskuti ni vile vibonge vidogo vya saruji vinavyowekwa chini ya nondo ili zege lipate kuifunika. Anaogopa kuonekana mjinga, anajibu chochote. Nondo inalala juu ya ubao wa fomu, zege linamwagwa, na baada ya miaka michache ya hewa ya chumvi, Tanga au Kilwa, dari linaanza kubanduka na kutu inaonekana.

Sisi tulikuwa tunakutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mmoja anasimama na mchoro halisi ukutani, wenzake wanakaa kama mafundi, naye anaeleza kazi nzima kwa Kiswahili: pete za nguzo zikae umbali gani, mirunda isitolewe kabla ya siku ngapi, kwa nini vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lijipange, isishikiliwe sehemu moja muda mrefu. Mara mbili tulimwalika fundi mwenyewe, mzee wa nondo, akakaa mbele. Alikuwa anatukatisha: "Hapo ukiniambia hivyo mimi nitafanya kinyume." Na alikuwa anasema kweli. Nilijifunza kutoka kwa mzee yule kwamba agizo lisiloeleweka ni kosa la aliyelitoa. Jioni zile hazikutugharimu kitu, na naweza kusema zimenisaidia kazini kuliko semina yoyote niliyowahi kulipiwa.

Wasichana mliomo humu, nataka niseme nanyi pia. Kwenye saiti yangu ya kwanza nilikuwa mwanamke peke yangu, ukimtoa mama lishe. Choo kilikuwa kimoja. Buti za saizi yangu hazikuwepo, nikavaa za 42 nikijaza soksi. Ni mambo madogo ukiyasimulia, lakini yanakula nguvu za mtu kila siku, na mwisho unaanza kujiuliza kama kazi yenyewe ndiyo inakukataa. Kilichonitoa huko ni kitengo cha wanawake cha chama. Niliingia chumba chenye wahandisi wanawake waliokuwa na miaka ishirini kazini, nikawasikia wakicheka mambo yaleyale yaliyokuwa yananiliza. Mmoja akaniambia, "Mwandikie mkandarasi barua, usimwombe kwa mdomo." Niliandika. Choo cha pili kilijengwa kwa siku tatu.

Kule Uingereza, Juni 23 mwaka 1919, wanawake waliokuwa wamefanya kazi viwandani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ambao sasa walikuwa wanarudishwa nyumbani ili wanaume washike nafasi zao, walianzisha Women's Engineering Society. Ndiyo sababu Juni 23 inaadhimishwa leo kama siku ya wanawake katika uhandisi. Walijua kwamba mmoja mmoja wangetolewa nje kimyakimya.

Vyama vya nje vyenye matawi ya wanafunzi navyo vipo, na sina ugomvi navyo. Wa umeme, elektroniki na kompyuta mnaijua IEEE, iliyozaliwa mwaka 1963 kwa kuunganisha vyama viwili vya Marekani. Ina shindano lake la kuandika programu kwa saa 24 mfululizo, IEEEXtreme, tangu mwaka 2006, na wanafunzi wa Afrika Mashariki hushiriki. Vingine ada ya mwanafunzi ni ndogo sana, vingine havimtozi kabisa. Jiungeni. Ila msiache cha nyumbani kwa sababu cha nje kina tovuti nzuri. Mhandisi aliye Toronto hatakuja saiti kwako Kibaha jua likizama.

Tena kazi zenyewe sasa hazina mpaka. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kutambuana, ili mhandisi mtaalamu wa nchi moja aweze kufanya kazi nchi nyingine bila kuanza upya. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Anayewajua wenzake wa Kampala tangu wote wakiwa wanafunzi ana faida ambayo mimi sikuwa nayo.

Sitawaficha upande mwingine. Chama hakitakupa ajira. Anayewaahidi hivyo anawadanganya. Kuna matawi ambayo viongozi wake hutafuta cheo cha kuandika kwenye wasifu, wakapiga picha siku ya kuapishwa, na mwaka mzima ukapita bila jioni moja ya kazi. Kuna wakubwa pia, na hili linanihusu mimi na wenzangu walioko mstari wa mbele, tunaoalikwa na wanafunzi tukasema tuna shughuli. Tumewaachia vijana waanguke kwenye mashimo tunayoyajua yalipo. Nimekuja leo kwa sababu mwaka jana nilialikwa hapa nikakataa, na jambo hilo halijanitoka.

Kama tawi lenu limelala, msianze na katiba wala uchaguzi. Anzeni na jioni moja. Tafuteni mhandisi mmoja aliye karibu: wa maji, wa barabara za wilaya, wa kiwanda cha sukari, yeyote. Mwambieni asilete hotuba, alete kazi moja iliyomsumbua. Mkaribisheni kwa chai. Mkiwa kumi na moja kama tulivyokuwa sisi, inatosha. Mkimaliza, mmoja wenu aandike alichokisema, kurasa mbili, iwekwe mahali ambapo wa mwaka wa kwanza wajao wataikuta. Taratibu za kujiandikisha uanachama mwalimu wenu wa idara anazo, fomu ni fupi.

Namba yangu ya simu nimeshamwachia mwakilishi wenu. Nasema kwa moyo wote: nipigieni. Mzee aliyenipa ya kwake hayupo tena duniani, Mungu amrehemu, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kukosa kupokea.

Sasa naomba tusimame. Fundi wa karakana amenifanyia hisani, amechanganya zege nyuma ya maabara, toroli mbili. Moja ni sahihi. Nyingine imeongezwa maji na sijawaambia ni ipi. Nataka watu sita wasiowahi kushika koni hii, watatu wasichana watatu wavulana, wapime zote mbili. Na atakayekuta lililoharibika, mimi nitakuwa foremani. Aje anieleze, kwa Kiswahili, kwa nini lori langu lirudi.